Mkrismasi, Pilau na Wimbo wa Watoto

Mwezi wa Novemba unapoelekea kwisha, mikrismasi ya mji wa Morogoro huanza kuwaka. Kando ya barabara, kwenye viwanja vya shule na mbele ya nyumba za zamani za serikali, maua mekundu hufunika matawi yote. Watoto wetu hawahitaji kalenda. Wakiona mkrismasi umechanua wanaanza kuulizia nguo mpya, na mama anaanza kuhesabu fedha.

Mti huo si wa kwetu. Asili yake ni Madagaska. Haukuletwa na kanisa, wala hautajwi popote katika Maandiko. Umepata jina lake kwa sababu moja tu, kwamba unachanua majira ya sikukuu. Nimeanza nao kwa makusudi, maana mengi tunayoyaita Krismasi majumbani mwetu yamekuja kwa namna hiyohiyo, moja kutoka huku na jingine kutoka kule. Wazazi wenye watoto wadogo huniuliza lipi kati ya hayo ni la lazima. Nguo? Pilau? Mti wenye taa? Kusafiri kwenda kwa bibi? Wanauliza kwa sababu wamechoka, na fedha haitoshi, na Januari inakuja na sare na madaftari. Naona ni vigumu kuwajibu bila kwanza kutazama vitu hivi vilitoka wapi na vilifanya kazi gani kwa wale waliovianzisha.

Tuanzie kwa Martin Luther. Nyumba yake ilikuwa na shughuli nyingi kuliko nyumba yoyote ya Kihonda au Kilakala ninayoijua. Yeye na mkewe, Katharina von Bora, waliishi Wittenberg katika jengo lililokuwa monasteri. Katharina alilima, alifuga, alitengeneza bia, alipangisha wanafunzi na kuwalisha, na wageni hawakukatika mezani. Mungu aliwapa watoto sita. Mmoja, Elisabeth, alifariki mwaka 1528 akiwa bado mchanga. Wa mwisho, Margarete, alizaliwa tarehe 17 Desemba 1534, siku nane kabla ya Krismasi. Mama yeyote anaweza kufikiri hali ya nyumba ile juma lile: mtoto mchanga, wanne wengine wenye umri wa mwaka mmoja hadi minane, na wanafunzi wanasubiri chakula.

Mwaka 1535 ukachapishwa wimbo wa Luther uitwao kwa Kijerumani "Vom Himmel hoch". Juu yake palitajwa wazi kwamba ni wimbo wa watoto kwa Krismasi. Beti za kwanza ni maneno ya malaika akileta habari, na beti zinazofuata ni majibu ya wanaokwenda kumwona mtoto horini. Maana yake ni kwamba wimbo huu unaweza kuchezwa nyumbani, mmoja akawa malaika na wengine wakajibu. Mwanzoni uliimbwa kwa sauti ya wimbo wa mafumbo uliokuwa ukiimbwa na watu wa kawaida, na mwaka 1539 ndipo ukapewa sauti inayojulikana hadi leo. (Wale wanaolalamika kwaya ya vijana ikichukua sauti ya mtaani wakumbuke hilo.) Kwa hiyo mwalimu wa theolojia aliyekuwa na mabishano na Papa na wafalme alipata muda wa kutunga wimbo ambao mtoto wa miaka minne angeweza kuushika. Yale maigizo tunayoyafanya kila Desemba, yenye malaika waliovaa mashuka na wachungaji wenye fimbo za miwa, yana undugu na wimbo huo.

Iko hadithi isemayo kwamba Luther ndiye aliyeweka mishumaa ya kwanza juu ya mti wa Krismasi, baada ya kuona nyota kati ya matawi usiku. Ni hadithi nzuri ya Shule ya Jumapili, lakini haina ushahidi. Luther alifariki mwaka 1546. Mojawapo ya taarifa za zamani zinazoeleza mti uliopambwa ndani ya nyumba ni ya Strasbourg, mwaka 1605, na mapambo yake yalikuwa maua ya karatasi, matofaa na vitu vitamu. Mishumaa haitajwi. Mti ulikuwa desturi ya nyumbani, ya watu wa kawaida, na wamisionari wa Kijerumani walikuja nao kama mtu anavyokuja na mapishi ya mama yake. Huku kwetu msonobari wa Ulaya haukuwapo, basi watu wa pwani wakakata mvinje, na wa milimani wakatumia msaiprasi.

Shada la Majilio lina mwanzo unaojulikana zaidi. Mchungaji Johann Hinrich Wichern alikuwa na nyumba ya kulelea watoto maskini karibu na Hamburg, iitwayo Rauhes Haus, iliyofunguliwa mwaka 1833. Husimuliwa kwamba watoto wale walimchosha kwa swali moja: bado siku ngapi? Mwaka 1839 akachukua gurudumu la zamani la mkokoteni, akapanga juu yake mishumaa midogo ya siku za kazi na mikubwa minne ya Jumapili. Kila siku wakawasha mmoja, wakasikia neno, wakaimba. Ile mishumaa minne tunayowasha leo kanisani ni masalio ya kalenda ya watoto wasio na wazazi wa kuwaambia siku.

Jambo hilo la watoto wasio na wazazi ndilo linalotuleta kwetu Afrika Mashariki.

Tarehe 25 Desemba 1873, pale Mkunazini, Unguja, Waanglikana waliweka jiwe la msingi la kanisa lao mahali palipokuwa soko la watumwa. Mwezi Juni wa mwaka uleule Sultani Barghash alikuwa ametia saini mkataba wa kulifunga soko hilo. Waliochagua siku ya Krismasi kwa jiwe lile walijua wanachosema. Upande wa bara, Mapadri wa Roho Mtakatifu walikuwa Bagamoyo tangu 1868, na makao yao yalijaa watoto waliokombolewa utumwani. Mwaka 1877 walifungua kituo cha Mhonda, katika milima ya Nguru, kwenye mkoa wetu huu wa Morogoro, wakaanza na familia changa za Wakristo waliokulia Bagamoyo. Baadaye walipanda Uluguru, hadi Matombo na Mgeta, na ndiyo sababu hadi leo kengele nyingi za milimani ni za Wakatoliki.

Sisi Walutheri tulichelewa. Wamisionari kutoka Berlin walifika Dar es Salaam mwaka 1887, wakaenda Kisarawe mwaka 1892 na Maneromango mwaka 1895. Kisarawe nako walikuwapo watoto waliotolewa kwenye misafara na majahazi ya watumwa. Mwaka 1903 kazi hiyo ya Uzaramo ilikabidhiwa kwa chama kikongwe zaidi cha misheni cha Berlin, ikaendelea kuelekea milima hii, hata makanisa saba yalipoungana kuwa KKKT tarehe 19 Juni 1963, moja kati yao liliitwa kanisa la Uzaramo na Uluguru.

Nadhani hatujalitafakari jambo hili vya kutosha. Wengi wa watoto wa kwanza kusherehekea Krismasi katika nchi hii hawakuwa na bibi wa kumtembelea. Hawakujua mama yao yuko wapi, na wengine walikuwa wamesahau lugha yake. Hawakuwa na ukoo wa kuwapa jina wala mjomba wa kuwatetea. Waliambiwa habari za mtoto aliyezaliwa safarini, akalazwa pasipostahili, na kabla hajajua kutembea vizuri akakimbizwa Misri kwa sababu mfalme alitaka kumwua. Mtoto wa Kisarawe hakuhitaji kufafanuliwa kukimbizwa ni nini. Sijui kama wahubiri wale kila mara waliona jinsi habari yao ilivyowagusa wasikilizaji wao, lakini wengi wa watoto wale walibaki kanisani, na kati yao wakatoka walimu.

Walimu hao walihitajika mapema kuliko ilivyotarajiwa. Reli kutoka Dar es Salaam ilikuwa imefika Morogoro mwaka 1907, na pamoja nayo wafanyabiashara, mashamba ya mkonge na watu wa kila kabila. Halafu vita. Tarehe 26 Agosti 1916 majeshi ya Waingereza yaliingia Morogoro. Wanaume wengi walichukuliwa kuwa wapagazi wa majeshi ya pande zote mbili, chakula kikachukuliwa, na wamisionari wa Kijerumani wakakamatwa na kuondolewa. Krismasi za miaka ile, katika sharika nyingi za Kilutheri za nchi hii, hakukuwa na mchungaji wala sakramenti. Walikuwapo walimu wa Kiafrika, wengine wenye mshahara wa kubahatisha na wengine bila mshahara kabisa. Walikuwa na Agano Jipya, nyimbo na Katekisimu Ndogo ya Luther ya mwaka 1529, kitabu kilichokusudiwa tangu mwanzo kitumiwe na baba mwenye nyumba kuwafundisha walio chini ya paa lake. Mwaka 1939 vita vingine vilipoanza mambo yakajirudia. Wajerumani wakawekwa kizuizini, Wamarekani wa Augustana wakajaribu kuziba pengo la nchi nzima wakiwa wachache sana, na mzigo wa kila siku ukawarudia walimu na wazee wa kanisa. Ikiwa leo mtoto wa Bigwa anajua kuimba habari za Bethlehemu, ni kwa sababu mara mbili katika karne moja habari hiyo ilibebwa na watu wa nyumbani.

Hayo ni ya kanisa. Meza ya Krismasi ina historia nyingine, na hapa ni lazima tuwashukuru majirani zetu Waislamu.

Hakuna mmisionari wa Berlin aliyetufundisha kupika pilau. Pilau lilipanda kutoka pwani, na pwani lililipata kutoka ng'ambo ya bahari, kwa biashara na Waajemi, Waarabu na Wahindi. Lilipofika Morogoro lilijikuta nyumbani, maana mdalasini, pilipili manga na karafuu vinalimwa hapahapa Uluguru, upande wa Kinole na Matombo. Nguo mpya nazo nadhani tumejifunza kwa Idi. Mtoto wa Kiislamu alipita mtaani na kanzu mpya, akapewa mkono wa Idi na wazee, na mtoto wa Kikristo jirani yake akamwuliza mama yake, na sisi je? Ndivyo watoto wetu walivyoanza kuzunguka nyumba kwa nyumba siku ya Krismasi wakiamkia shikamoo huku mkono umenyooshwa.

Huku Uluguru jambo hili linaingia ndani kuliko ujirani. Mluguru huhesabu ukoo kwa mama, na mjomba ana sauti kubwa juu ya watoto wa dada yake. Ni jambo la kawaida mjomba huyo kuwa Mwislamu, na shangazi Mkatoliki, na watoto wakabatizwa kwetu. Ndiyo maana katika nyumba nyingi mbuzi wa Krismasi huchinjwa na Mwislamu, mjomba au jirani, ili kila atakayefika ale bila wasiwasi. Hakuna aliyetunga sheria hiyo. Ni adabu ya nyumba zenye ndugu mchanganyiko. Wapo waliojaribu kuigeuza adabu hii kuwa vita. Mwezi Februari 2013, huko Buseresere mkoani Geita, mzozo wa nani achinje ulifikia kumwaga damu na mchungaji akauawa. Tangu hapo nimesikia Wakristo wakisema kwamba kumwita Mwislamu achinje ni kushindwa. Sikubaliani nao. Mama anayemwita kaka yake achinje hajamkana Kristo. Amehakikisha kwamba kaka yake atakaa mezani siku ambayo watoto wake wanasikia habari za amani duniani, na akija mezani atazisikia na yeye.

Kuna jambo moja la majira ambalo vitabu vya Ulaya haviwezi kutusaidia. Kule Krismasi huja baada ya mavuno, ghala limejaa na shamba limelala. Kwetu huja katikati ya mvua za vuli, watu wanapanda na kupalilia, na mahindi ya masika yameanza kupungua kihengeni. Barabara za milimani zinateleza, na siku mbili za sikukuu ni siku mbili za magugu. Familia ya mlimani inayotoa kuku mmoja mwezi wa Desemba inatoa kutoka pungufu. Watu wa mjini wanaopanda na begi la nguo na kuuliza mbona hakuna soda wangefaa kulijua hilo.

Waliokuwa wazazi mwanzoni mwa miaka ya 1980 wanakumbuka pungufu ya aina nyingine. Vita vya Kagera vilikuwa vimeisha mwaka 1979 na nchi haikuwa na fedha za kigeni. Sukari, sabuni, mchele na kitambaa vilipatikana kwa foleni, na nyumba nyingi zilikula unga wa njano kutoka nje, ule ulioitwa yanga. Nguo ya Krismasi ilikuwa sare ya shule iliyofuliwa vizuri. Mitumba ilianza kumiminika baada ya biashara kulegezwa kuanzia mwaka 1984, na ndipo nguo ya sikukuu ikawa jambo ambalo hata maskini alitegemewa kulitimiza. Wazee wa usharika ninaouhudumia wakisimulia miaka ile hawasemi ilikuwa mizuri. Wanasema waliimba sana, kwa kuwa hapakuwa na kingine cha kufanya baada ya kula.

Sikukuu ikishakuwa ya vitu, mtoto hupewa vitu na kuachiwa njia. Hilo limetugharimu. Tarehe 1 Oktoba 2008, siku ya Idi, watoto wapatao 20 walifariki Tabora kwa kukanyagana na kukosa hewa ndani ya ukumbi wa disko. Walikuwa wamevaa nguo mpya. Walikuwa na hela ya kiingilio waliyopewa na watu waliowapenda. Tangu hapo, Idi au Krismasi inapokaribia, polisi wa mikoa hutangaza kupiga marufuku disko toto, na matangazo hayo tumeyazoea hata hatukumbuki yalianzia wapi. Sitaki kumlaumu mzazi yeyote wa Tabora. Ningependa tu tuone kwamba siku hiyo mama wengi walikuwa jikoni tangu alfajiri, na baba wengi walikuwa na wageni, kama ilivyo Krismasi kwetu.

Kwa kweli anayefanya kazi kubwa kuliko wote Krismasi ni mama, na ndiye anayeikosa ibada. Tarehe 24 jioni anachambua mchele. Tarehe 25 asubuhi anakaanga vitunguu wakati mumewe na watoto wanaimba. Siku zake za kabla zimekwenda sokoni, kwa fundi cherehani na kituo cha Msamvu kupokea wageni. Tangu treni ya umeme ianze safari kati ya Dar es Salaam na Morogoro tarehe 14 Juni 2024, wajukuu wanafika kwa muda usiozidi saa mbili, nasi tunafurahi, lakini kila mjukuu ni sahani. Upande mwingine, washarika wenye asili ya Moshi, Same au Iringa wanaondoka mjini kabla ya tarehe 20, na nusu ya malaika wa igizo wanaondoka nao. Ndiyo sababu sharika nyingine siku hizi zinafanya igizo la watoto Jumapili ya tatu ya Majilio. Wapo wanaonung'unika kwamba hiyo ni mapema mno. Mimi naona ni busara, maana igizo lipo kwa ajili ya watoto waliopo.

Wapo pia washarika waliohamishia pilau tarehe 26. Tarehe 25 wanakula ndizi na maharage yaliyochemshwa jana yake, familia nzima inakwenda kanisani, mama akiwamo, na kesho yake ndipo wanapika na kualika. Nimeulizwa kama hilo linaruhusiwa. Linaruhusiwa. Wengine wamechukua ile kazi ya Wichern wakairudisha nyumbani: mishumaa minne ya dukani kwenye sahani yenye mchanga, mmoja kila Jumapili ya Majilio baada ya chakula cha jioni, baba au dada mkubwa anasoma mistari michache ya Luka, na mdogo kuliko wote ndiye anayezima. Haizidi dakika kumi. Umeme ukikatika, na Desemba hukatika, wanakaa zaidi.

Huko juu Mgeta mambo ni mepesi zaidi kwa namna moja. Miaka ya 1980 watu wa Chuo Kikuu cha Sokoine walipeleka huko mbuzi wa maziwa wa asili ya Norway, na sasa nyumba nyingi zina banda la mbao lililoinuliwa kutoka ardhini, lenye kihori cha kuwekea majani upande wa mbele. Mtoto wa mjini ukimsomea neno hori anakutazama tu, na wengi nimewakuta wakidhani ni aina ya kitanda cha hospitali. Mtoto wa Mgeta anajua hori lina harufu gani asubuhi, linavyolowana mate ya mbuzi, na kwamba halitoshi kulaza mtoto mpaka uondoe mabua na kutandika majani makavu. Bibi akisimulia kwa Kiluguru jioni ile ya mkesha, wajukuu waliotoka Dar es Salaam wamekaa kwenye mkeka, akifika hapo kwenye hori haelezi. Anamwambia mmoja achukue taa akawaonyeshe wenzake.